Herufi Tano, Majaribio Sita: Namna ya Kulinasa Neno la Kiingereza Ukiwa na Herufi Chache Mkononi

Picha za mchezo wa Wordle zinazoingia kwenye simu yangu siku hizi zinafanana kama dagaa. Miraba mitano, herufi tatu zimepata rangi, mbili hazijulikani, na chini yake ujumbe: "Mwalimu, hili neno halipo." Lipo. Na mara nyingi ni neno ambalo mtumaji amelifahamu tangu shule ya msingi.

Wanaonitumia si watu wasiojua Kiingereza. Wote ni wa hapa Mwanza: yumo mwanachuo wa Malimbe, yumo kijana wa bodaboda wa Buzuruga, yumo mama anayeuza kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kinachowaangusha ni kimoja: wanatazama juu wakisubiri neno lishuke lenyewe. Nimechoka kueleza jambo lilelile kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo naziandika hatua zote hapa.

Nitatumia mchezo wa Wordle kama mfano, kwa sababu ndio wengi mnaocheza. Unatafuta neno moja la herufi tano kwa majaribio sita. Kijani maana yake herufi ipo na imekaa mahali pake. Njano maana yake ipo, lakini si hapo. Kijivu maana yake haimo. Njia hii inafaa pia kwa mafumbo ya maneno ya magazetini, na kwa yale mashindano ya ubaoni ya "taja maneno ya herufi tano yenye R na C".

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari la hesabu, lile lenye miraba. Daftari la mistari litakuchosha.

Penseli na ufutio. Acha kalamu ya wino, maana utafuta sana.

Vizibo vya soda, kama thelathini na tano. Andika herufi moja juu ya kila kizibo kwa wino mzito: A mpaka Z, kisha rudia E, A, R, O, T, L, I, S na N, kwa sababu hizo ndizo zinazotokea zaidi kwenye maneno ya aina hii. Vipande vya kadibodi vinafaa pia, ila cheza na kadibodi kando ya ziwa saa tisa alasiri uone upepo utakavyokufanya.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Itafunguliwa ukishamaliza, kabla ya hapo ikae mbali.

Dakika ishirini bila kukatizwa. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilitosha kumaliza fumbo na kubishana juu yake. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, watu wa Sengerema na Geita itabidi mtafute muda wenu kwingine.

## Hatua ya 1: Chora vyumba vitano

Chora miraba mitano mikubwa kwa mstari mmoja na uipe namba 1 mpaka 5. Chini ya kila chumba acha nafasi ya kuandika herufi zilizokatazwa chumba hicho. Pembeni andika vichwa viwili: ZIMO na HAZIMO.

Sababu ni kwamba kichwa cha binadamu hakiwezi kushika kwa pamoja herufi nne zisizomo, mbili zilizomo, na vyumba ambavyo hizo mbili zimekataliwa. Utasahau moja tu, kisha utapoteza jaribio zima kwa kurudia herufi iliyokwishakuwa kijivu. Nusu ya picha ninazopokea zina kosa hilo.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine anaweza kulitazama daftari lako na kuendelea na fumbo bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Neno la kwanza ni wavu

Jaribio la kwanza si la kushinda. Orodha ya awali ya majibu ya Wordle ilikuwa na maneno 2,315, na yanayokubaliwa kama majaribio yanazidi 12,000, kwa hiyo kulipata jibu mara ya kwanza ni bahati tupu. Neno la kwanza lipo ili likuletee habari. Tupa wavu wenye herufi tano tofauti, zile zinazopatikana sana: STARE, CRANE, SLATE, au RAISE ukipenda irabu.

Hapa nina ugomvi na wengi wenu. Mnapenda kuanza na ADIEU au AUDIO kwa sababu yana irabu nne. Kwa Mswahili hilo linaonekana la maana sana, kwani neno letu bila irabu haliendi. Lakini ukishajua kwamba neno la Kiingereza lina A na E, umejua kidogo mno. Fikiria PLATE, BRAKE, WATER, LEARN, BEACH, CAMEL: irabu ni zilezile, na kilichoyatofautisha ni konsonanti zake. Wavu wako uwe na konsonanti tatu nzuri na irabu mbili, inatosha.

## Hatua ya 3: Andika kila rangi inakataza nini

Kijani ingiza chumbani mwake. Kijivu peleka HAZIMO. Watu hawakosei hapo.

Njano ndiyo inayowaponza. Inakwambia mambo mawili na wengi wenu mnasikia moja. La kwanza, herufi ipo, basi iandike ZIMO. La pili, haikai chumba hiki, basi iandike chini ya chumba hicho kama iliyokatazwa. Kijana mmoja wa klabu yetu aliweka R chumba cha nne majaribio matatu mfululizo, na kila mara ikawa njano, naye kila mara akafurahi kwamba "imo".

Tahadhari: Ukijaribu neno lenye herufi ileile mara mbili, moja ikapata rangi na nyingine ikawa kijivu, ile kijivu haina maana kwamba herufi haimo. Maana yake ni kwamba imo mara moja tu.

## Hatua ya 4: Liache sikio la Kiswahili mlangoni

Hii ndiyo hatua niliyokusudia kuiandika, nyingine zote ni kusafisha njia. Ukikaa ukitafuta neno kimyakimya, sikio lako linapanga herufi kama linavyopanga Kiswahili: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na mwisho irabu. Kiingereza hakipangwi hivyo, kwa hiyo neno linapita mbele yako na hulioni.

Mwanzo wa neno. Sisi tunaanza maneno kwa MB, ND na NG bila shida: mbuzi, ndizi, ng'ombe. Neno la kawaida la Kiingereza halianzi hivyo. Lenyewe linaanza kwa mirundo mingine: ST, SH, SP, CR, CL, BR, BL, TR, TH, GR, FL, WH. Maneno ya herufi tano huanza zaidi na S, na baada ya S inaweza kuja C, H, K, L, M, N, P, Q, T au W. Andika orodha hiyo ya S nyuma ya daftari, utaitumia karibu kila siku.

C iliyo peke yake. Kwetu C haitembei bila H, na alfabeti yetu haina Q wala X. Kwa hiyo akili inaziruka hizo tatu bila wewe kujua. Lakini C ndiyo ya pili baada ya S kwa kuanza maneno haya. CLOUD, CRAFT, CABIN, COULD, yote hurukwa na akili ya mtu aliyezoea CH. Ukikwama, jiulize kwanza: "C nimeijaribu?"

Mwisho wa neno. Maneno haya huishia zaidi na E, kisha Y, kisha T na R. Hiyo E ya mwisho aghalabu haitamkwi, ndiyo maana usipoiandika huisikii: STONE, PLACE, DRIVE. Na Y ya mwisho hufanya kazi ya irabu: DIRTY, HEAVY, EMPTY. Kwetu Y hufungua silabi na kamwe haimalizi neno, ndiyo maana mnaifikiria mwishoni kabisa. NG nayo kaihamishe kutoka mwanzo mpaka mwisho: YOUNG, WRONG, BRING. Usiupoteze muda wako kwa S ya wingi. Kwa kawaida jibu haliwi wingi mwepesi kama BOATS, ingawa neno hilo linakubaliwa kama jaribio.

Herufi bubu. K ya KNIFE na KNOCK, W ya WRITE na WRONG, B ya CLIMB, THUMB na DOUBT, H ya GHOST, L ya COULD na WOULD. Ukitafuta kwa sikio huwezi kuzipata hata ukeshe.

Umefanikiwa katika hatua hii siku utakapoona miraba tupu na jambo la kwanza kujiuliza likawa "mwisho wake unaweza kuwa nini?" badala ya "neno gani hili?"

## Hatua ya 5: Hamisha vizibo kwa zamu

Sasa fumbo lililonifanya niandike makala haya. Aliyekwama ni yule mama wa kayabo. Alianza na STARE: S, T na A zikawa kijivu, R na E zikawa njano. Akajaribu COVER: O na V kijivu, halafu C, E na R zote njano. Akakaa saa nzima. Jioni akanipigia: "Shikamoo mwalimu, hii leo wamekosea."

Chukua vizibo vya C, E na R ufuatane nami.

E imekatazwa chumba cha 5 na cha 4. R imekatazwa cha 4 na cha 5. Basi zote mbili zimebanana kwenye vyumba vitatu vya mwanzo. Mipangilio yake ni sita tu, hesabu mwenyewe kwa vizibo:

ER _ _ _
E _ R _ _
RE _ _ _
R _ E _ _
_ RE _ _
_ ER _ _

Sasa chukua kizibo cha C. Hakiwezi kukaa chumba cha 1, kwa sababu kule COVER kilikuwa njano palepale. Kizungushe kwenye vyumba vilivyobaki katika kila mpangilio, ukikumbuka kwamba S, T, A, O na V hazimo.

Mipangilio miwili ya kwanza na ule wa nne haitoi neno la kawaida. Ifute. RE ikiwa mwanzoni, C ikikaa mwisho, inatoa RELIC. Mpangilio wa tano na C chumba cha nne unatoa WRECK, ambalo ni chombo kilichovunjika au kuzama. Wa sita, C chumba cha nne tena, unatoa MERCY na lile ambalo mama hakuliona.

Angalia kilichotokea. Tulianza na maneno maelfu, tukabaki na manne, na hatukuhitaji Kiingereza cha ajabu. Tulihitaji vizibo.

Je, ujaribu lipi kwanza? Usichague unalolipenda. Chagua litakaloyatenganisha yaliyobaki. MERCY linafaa kwa sababu kila jibu litaipaka rangi tofauti: jibu likiwa RELIC, E tu ndiyo itakuwa kijani, likiwa WRECK, kijani itakuwa C. Mama alipoliandika, E, R na C zote zikawa kijani, M na Y zikawa kijivu.

Sasa mezani kuna _ERC_. Anza mwishoni kama tulivyosema. Baada ya C, Kiingereza hupenda E, H, K, T au Y. E imekatazwa chumba hicho. T na Y hazimo. K hufuata C iliyotanguliwa na irabu, na hapa imetanguliwa na R. Imebaki H. _ERCH. Pitisha alfabeti mbele: B, D, F, G…

PERCH. Sangara! Mama amekata sangara miaka yote hiyo, na maboksi ya minofu yanayotoka viwandani yameandikwa jina hilo hilo kwa Kiingereza, Nile perch. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akacheka mpaka nikasikia wenzake wanamwuliza kuna nini.

Tahadhari: Unapopitisha alfabeti, andika au tamka kila herufi. Ukiipitisha kichwani utaruka P, nakuhakikishia.

## Hatua ya 6: Kagua R na L

Huku kwetu kura na kula vinaweza kusikika sawa, na kwenye mazungumzo tunaelewana vizuri tu. Kwenye miraba hatuelewani. Yafuatayo ni maneno mawilimawili ya herufi tano, yote ni Kiingereza sahihi, na yanatofautiana kwa herufi hiyo moja: GRASS na GLASS, CROWN na CLOWN, FRESH na FLESH, ROYAL na LOYAL, BRAND na BLAND.

Kwa hiyo ukipata neno lenye R au L, kabla ya kubonyeza libadilishe herufi hiyo uone kama linatoka neno lingine. Likitoka, rudi kwenye daftari: ni ipi kati ya hizo mbili iliyo kijivu? Nimewahi kumwona mtu mzima akiandika CLOWN huku L imekuwa kijivu tangu jaribio la kwanza, akiapa kwamba ameandika taji la mfalme.

## Hatua ya 7: Kumbuka tahajia ya Marekani

Shuleni tulifundishwa tahajia ya Uingereza, na mchezo huu unatumia ya Marekani. COLOUR ina herufi sita, hivyo akili yako haiileti kabisa unapotafuta tano. Kumbe Wamarekani huandika COLOR. Vivyo hivyo HONOR, FAVOR, HUMOR, LABOR, na pia METER, LITER na FIBER, ambazo sisi tuliziandika kwa RE mwishoni. Ukiona O na R zimejipanga vyumba vya 4 na 5, pitia orodha hii kabla ya kitu kingine.

Usiende kuandika hivyo kwenye mtihani wa taifa.

## Hatua ya 8: Ukinaswa kwenye _IGHT

Kuna mitego ambayo uhodari wa kukisia hauisaidii. Umepata IGHT zote kijani jaribio la pili, unashangilia, kisha unajaribu LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT… na mchezo umekwisha. Yapo manane ya kawaida: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Wewe una majaribio manne.

Jaribio linalofuata lipe kazi ya kupima herufi za mwanzo, hata kama unajua wazi si jibu. Andika FILMS. Hapo umepima F, L, M na S kwa mpigo. Moja ikipata rangi, jibu unalo. Zote zikiwa kijivu, andika INNER, upime N, E na R. Kama na hizo zimekataa, ni TIGHT. Majaribio mawili yamemaliza maneno manane.

Fanya hivyohivyo kwa _OUND (BOUND, FOUND, HOUND, MOUND, POUND, ROUND, SOUND, WOUND) na kwa _ATCH (BATCH, CATCH, HATCH, LATCH, MATCH, PATCH, WATCH). Neno la kupimia litafute mwenyewe. Hayo ni mazoezi mazuri kuliko fumbo lenyewe.

Tahadhari: Ukiwa umewasha ile hali ngumu kwenye mipangilio ya mchezo, hutaruhusiwa kuandika FILMS, kwa sababu inakulazimisha kutumia kila herufi uliyokwishaipata. Wengi wameiwasha kwa majivuno. Izime mpaka uzoee.

## Bado imekataa?

Jaribu herufi pacha. Watu husahau kwamba herufi inaweza kukaa vyumba viwili: FERRY, SHEEP, HAPPY, SWEET. Kama herufi zote ulizonazo zimekwisha na chumba kimoja kiko wazi, rudia mojawapo ya zile za kijani.

Ikishindikana, funga daftari, kateke maji. Mara nyingi neno hujileta ukiwa na ndoo kichwani.

Ukilipata, au mchezo ukikuonyesha jibu, fungua kamusi sasa. Nakili neno, maana yake, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Usinakili matano ya ziada kwa bidii ya siku moja.

## La kufanyia kazi leo

La kwanza ni jepesi: chumba cha 4 kina O, cha 5 kina E, na N imo. Chombo hicho unakiona ukisimama popote ufukweni.

La pili lina majibu mengi. Linaanza na S, linaishia na E, ndani yake zimo A na L popote zilipo. Usiache kabla hujafikisha saba. Moja kati ya hayo lina maana mbili, na zote utazikuta Mwaloni: moja imeshikamana na ngozi ya sangara, nyingine iko mbele ya muuzaji, na kila mnunuzi anaitazama kwa mashaka.